Pijo la Babu, Harage kwa Harage

"Gari ni gari," alisema Mbonea.

"Si kweli," alisema Nakunda.

"Lina magurudumu manne. Linakwenda vruuu. Basi."

"Si basi," alisema Nakunda. "Sitaki gari lolote. Nataka lile lile."

Nakunda alikuwa mdogo. Mbonea alikuwa kaka yake. Walikuwa wamekaa barazani nyumbani kwao Usangi, juu milimani. Katikati yao kulikuwa na boksi kuukuu, waya, na ndala iliyokatika.

Nakunda alinyoosha kidole. Pale, kando ya migomba, ndipo lilipokaa lile lile. Pijo, gari la Babu.

Zamani lilikuwa jeupe. Sasa lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Taa zake za mbele zilikuwa za mviringo kama macho ya bundi. Mlango mmoja ulikuwa na bonde. Hapo ng'ombe alipiga teke, zamani sana.

Babu alikuwa haoni tena. Lakini kila jioni alitoka nje na fimbo yake. Ko, ko, ko.

Alilipapasa Pijo kwa vidole. Boneti. Taa. Mlango. Bonde.

Kisha alisema, "Lala, mzee mwenzangu. Kesho tuna safari."

Pijo halikujibu. Lilikuwa haliwaki tena. Magurudumu yalikuwa yameoza, na kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma.

Na kesho lori la vyuma chakavu lingekuja kulichukua.

"Sasa Babu atapapasa nini?" Nakunda aliuliza.

Baba akatazama chini. Mama akatazama chungu. Basi Nakunda akachukua boksi.

"Babu hatalijua," alisema Mbonea. "Vidole vya Babu havidanganywi."

"Sividanganyi," alisema Nakunda. "Ninatengeneza lile lile."

"Wewe mbishi wewe."

"Ndiyo," alisema Nakunda. "Nipishe nipime."

Nakunda akatandaza kiganja chake juu ya Pijo. Kutoka dole gumba mpaka kidole cha mwisho. Hiyo ni shibiri.

Kwa kila shibiri, aliweka harage moja chini. Harage likafuata harage, kama siafu njiani.

Shibiri, harage. Shibiri, harage. Harage kwa harage, Pijo likawa dogo.

"Fundi gani anapima kwa maharage?" Mbonea alicheka.

"Mimi," alisema Nakunda.

Mama akatokea jikoni na ungo mtupu. "Maharage yangu yako wapi?"

"Yako kazini, Mama," alisema Nakunda.

Mama akatazama mstari wa maharage. Akalitazama Pijo kubwa. Akarudi jikoni. Mchana ule walikula ugali na mchicha.

Nakunda akakata boksi kwa urefu wa mistari ya maharage. Kwaru, kwaru, kwaru. Akakunja waya. Akapika gundi ya unga. Ndala ikawa magurudumu. Vifuniko viwili vya soda vikawa taa.

Mbonea akasogea karibu. Kisha akasogea tena.

"Mlango nitapima mimi," alisema. "Mimi ni mkubwa."

Nakunda akafikiri. "Haya. Lakini upime vizuri."

Mbonea akatandaza kiganja chake mlangoni. Shibiri, harage. Shibiri, harage. Akakata mlango. Wakauweka mahali pake.

Pwa. Mlango ukaanguka ndani.

Wakaujaribu tena. Pwa.

"Huo ni mlango wa banda la kuku," alisema Nakunda.

"Nilipima vizuri. Kweli tena."

Wakatazamana. Nakunda akainua kiganja chake. Mbonea akainua chake. Wakaviweka pamoja.

Vidole vya Mbonea vilivipita vya Nakunda. Vilivipita vyote.

"Ah," alisema Mbonea. "Shibiri yangu ni ndefu. Ndiyo maana maharage yamekuwa machache."

Jua lilikuwa linashuka. Mbonea akachukua gundi. "Tuzibe nafasi kwa karatasi. Nani atajua?"

"Vidole vya Babu," alisema Nakunda.

"Kutakuwa giza sasa hivi."

"Bado."

"Nakunda, mlango ni mlango."

"Sitaki mlango wowote. Nataka ule ule." Nakunda akasimama. "Na gari hili linapimwa kwa mkono mdogo."

Akarudi kwenye Pijo. Mbonea akamfuata, maharage mkononi. Nakunda akapima, Mbonea akapanga. Shibiri, harage. Shibiri, harage.

Mlango mpya ukaingia mahali pake. Tik.

Wakaupaka gundi. Nakunda akafuta mikono kwenye gauni lake.

"Umesahau kitu," alisema Mbonea.

"Nini?"

"Ng'ombe."

Nakunda akatabasamu. Gundi ilikuwa bado mbichi. Akabonyeza mlango kwa dole gumba, polepole. Bonde likatokea.

Kesho yake lori likaja. Grrrum, grrrum. Minyororo ikalia. Pijo likapanda lori, na kuku wakapiga kelele.

Babu alisimama barazani. Alisikiliza lori likishuka mlima, mpaka sauti ikaisha.

Jioni ikafika. Fimbo ya Babu ilikaa ukutani. Hakukuwa na ko, ko, ko.

"Babu," alisema Nakunda, "lete mikono."

Babu akaleta mikono. Nakunda akaweka gari mapajani pake.

Mbonea akasogea karibu.

Vidole vya Babu vikatembea. Boneti. Taa. Mlango.

Vikasimama.

Kidole kimoja kikaingia kwenye bonde. Kikakaa humo.

"Ng'ombe yule," alisema Babu. "Ng'ombe mkorofi yule."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Hili ni lile lile," alisema. "Nani amelitengeneza?"

"Nakunda," alisema Mbonea. "Mimi nilimwambia gari ni gari."

"Na yeye akasemaje?"

"Alikataa, Babu."

"Vizuri sana," alisema Babu.

Usiku ukaingia na baridi ya milimani. Nakunda alibeba Pijo mpaka chumbani kwa Babu. Akaliegesha kando ya kitanda, taa zikitazama dirisha.

Babu akanyoosha mkono, akaligusa. "Lala, mzee mwenzangu."

Nakunda akapiga miayo. Akaenda kulala, nyayo zake zikilia pata, pata, pata.

Alipofika mlangoni, Babu akamwita.

"Na wewe lala, fundi. Kesho tuna safari."