Mpira Uliopakwa Mawese

“Hapana, Baba Jeanne. Pakaza mpaka uchoke, lakini mutoto wangu hatakaa juu ya ile mupira.”

Adolphine alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko bado mkononi, na alikuwa akirudia maneno hayo tangu uji ulipoanza kuchemka. Mumewe, Zéphirin, hakuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa uani kando ya pikipiki yake, kikombe cha mafuta ya mawese mbele ya magoti, kitambaa kimeviringishwa kidoleni. Alichovya, akasugua, akachovya tena. Mpira wa nyuma uling'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride.

“Unajisumbua na mambo ya wanaume,” alijibu. “Kesho tunavuka mto, tunashika njia ya Lubutu. Masista wanangojea mutoto. Unataka nimufikishe shuleni na pikipiki ya vumbi, kama muuza samaki?”

“Nataka umufikishe.”

Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwa Zéphirin, mjini Kindu, Kongo, mwisho wa kiangazi kimoja, miaka michache kabla Wabelgiji hawajaondoka. Ninyi mnaonisoma msidhani kwamba hii ilikuwa nyumba ya vita. Zéphirin alikuwa karani wa mfanyabiashara mmoja karibu na stesheni ya reli. Hakuwa mlevi, hakumpiga mkewe, na binti yake Jeanne alikuwa amepata nafasi katika shule ya masista upande wa Lubutu. Majirani waliwaonea fahari. Shida ya nyumba ile haikuingia na chupa wala na mwanamke. Iliingia kwa magurudumu mawili, Jumapili, watu wakipiga vigelegele.

Siku hizo wenyeji waliokuwa na pikipiki walikuwa wachache, nao walikuwa na chama chao. Mwenyekiti alikuwa Nestor, mshonaji, mtu mwenye soksi nyeupe na sauti ya kuamuru. Kila Jumapili walijipanga mbele ya stesheni, wakaenda taratibu hadi mtoni na kurudi, wanawake wakiwashangilia njia nzima. Nestor alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko amri za kanisani: magurudumu yang'ae. Ubavu wa mpira uwe mweupe, ikibidi upakwe chokaa, na sehemu nyeusi isuguliwe kwa mawese. Asiyeng'aa aliwekwa nyuma ya msafara, akala vumbi la wenzake na kicheko cha wasichana.

Sasa mpira wa nyuma wa Zéphirin ukalika mpaka ukawa kama kipara. Kazi yake ilimvusha mto mara kwa mara hadi Alunguli, na kutoka hapo kwenye barabara kuu ya Lubutu, ambayo kiangazi huwaka kama tanuri: udongo mwekundu mkavu, changarawe zenye makali, na msitu uliofyekwa pande zote mbili hata kivuli hakuna. Mpira mpya ulikuwa lazima. Alikwenda dukani kwa Mgiriki mmoja, naye akamletea mpira mnene, mweusi mtupu, wenye meno marefu. Akamweleza kwa maneno machache kwamba huo ulitengenezwa kwa barabara za joto na kwa mizigo, kwamba aujaze upepo sawasawa asubuhi ukiwa bado baridi, na kwamba asithubutu kuupunguza njiani.

Zéphirin aliugeuza, akaupiga kofi, akaurudisha. Alisema una sura ya jembe.

Akaenda kwa Nestor. Nestor alikuwa na mpira mwembamba wa ubavu mweupe, ambao ulikuwa umetundikwa kwenye ukuta wa nje wa nyumba yake, juani, tangu siku ambayo hata yeye hakuikumbuka. Aliusugua kwa mawese mbele ya mgeni wake, na kwa macho ukaonekana kana kwamba umetoka sandukuni asubuhi ile. Zéphirin aliununua, akaupeleka nyumbani begani, akicheka peke yake kama mtoto aliyevishwa nguo za sikukuu.

Hofu ya Adolphine ilianza na kifo cha Kitenge.

Kitenge alikuwa jirani yao na mwanachama wa Nestor. Mchana mmoja wa jua kali, kwenye mteremko wa njia ya Kalima, mpira wake wa nyuma ulipasuka. Alirudishwa kwa lori, amefungwa ndani ya mkeka. Msibani wanaume walikaa wakazungumza juu ya wivu. Kuna mtu kazini aliyekitaka cheo chake, walisema. Nestor alitamka waziwazi kwamba marehemu ametupiwa uchawi, na wote wakaitikia kwa vichwa.

Hapo, ndugu zangu, simameni kidogo. Mtu amekufa, kilichomwua kimelazwa nyuma ya nyumba yake, na katika wanaume wote wale hakuna hata mmoja aliyeinama kukitazama.

Adolphine aliinama. Alimpelekea mjane, Hadidja, unga wa muhogo, na wakazunguka wote wawili nyuma ya nyumba. Mpira ulikuwa umechanika kama nguo kuukuu. Alipobonyeza kwa kidole gumba, kidole kilitoka cheusi, kinanata.

“Kila Jumamosi alikuwa anaipaka,” Hadidja alisema. “Kama vile mama anapaka mutoto muchanga. Watoto wake mwenyewe hakuwapaka hata siku moja.”

Hakulia alipokuwa akisema hivyo. Alikuwa amekwisha kulia. Adolphine alifuta kidole chake kwenye majani, na rangi ile haikutoka.

Njiani kurudi alilikumbuka dumu la mawese la jikoni kwake. Mwaka uliopita alikuwa akifunga mfuniko wake kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Haukupita muda ukanda ukavimba, ukalegea, ukanata mikononi, kisha ukakatika na mawese yakamwagika sakafuni. Aliyemweleza sababu alikuwa Zéphirin mwenyewe. Alimwambia mafuta hula mpira, atumie kamba ya katani. Hilo ndilo lililomchoma Adolphine kuliko yote. Mumewe hakuwa mjinga. Alijua.

Basi asubuhi ile, huku uji ukianza kuungua, alimkumbusha.

“Wewe mwenyewe njo uliniambia mawese inakula mupira.”

Kitambaa kilisimama. Kwa kitambo kidogo Adolphine aliona uso wa zamani wa mume wake, wa kabla ya chama na soksi nyeupe. Kisha mkono ukaendelea kusugua.

“Ile ilikuwa ukanda wa jikoni,” Zéphirin alisema. “Hii njo mupira ya Ulaya.”

Akaeleza kwamba dawa ya joto iko: jua likiwa kali unapunguza upepo, mpira unapata nafasi, haupasuki. Nestor amefanya hivyo miaka yote. Tena Nestor amechoka na uenyekiti, na Jumapili yeye Zéphirin, akisharudi kutoka Lubutu, ndiye atakayetangulia mbele ya wote. Mkewe alitaka aongoze watu akiwa juu ya jembe?

Adolphine alimuuliza: je, si Kitenge naye alipunguza upepo? Zéphirin alisema Kitenge alikuwa na maadui.

Jioni mama na binti walikunja nguo pamoja na kuzipanga ndani ya sanduku la bati. Jeanne alikuwa na umri wa kuelewa mambo na bado hajajua kuyaficha. Alikuwa amewaona wanaume wakimteremsha Kitenge kutoka kwenye lori. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

“Mama,” akasema kwa sauti ndogo, “ikipasuka, niruke upande gani?”

Adolphine alifunga sanduku. Mama asiye na jibu la swali kama hilo hana haki ya kumpandisha mtoto.

Asubuhi walikuwa kwenye kivuko. Chama kizima kilikuja kumsindikiza Zéphirin, soksi nyeupe, kofia ngumu vichwani, magurudumu yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Jua lilikuwa limekwisha panda juu ya Alunguli ng'ambo, na hewa juu ya maji ilitetemeka. Adolphine alikuja na kikapu cha chakula cha safari, mihogo iliyofungwa majani, na kisu cha kukatia kamba zake.

Nestor aliinama kwenye gurudumu la nyuma. Alisema leo kutawaka, afadhali kuanza mapema, akaufungua upepo kidogo. Ulitoka ukipiga mluzi. Wenzake wakacheka. Mmoja akamtania Zéphirin kwamba masista watadhani ni askofu amekuja.

Zéphirin alipanda. Sanduku lilikuwa limefungwa nyuma kabisa ya kiti, na Jeanne alikwea akakaa kati yake na baba yake. Hapo mpira ulilemewa, ubavu ukajitokeza nje kama shavu la mtu anayetafuna, na pale nyeupe inapokutana na nyeusi nyufa zikafunguka. Zilikuwa nyingi, nyembamba, kama kisigino cha mkulima wakati wa kiangazi. Mawese yalikuwa yamezifunika. Uzito ulizifunua.

Adolphine alimwambia Jeanne ashuke. Jeanne alishuka kabla neno halijaisha.

“Usinitie haya mbele ya watu,” Zéphirin alisema bila kugeuka.

Nestor alianza kusema kwamba wanawake wana woga wa asili. Adolphine alikitoa kisu kikapuni, akapiga goti kwenye mchanga, akakielekeza kwenye ubavu wa mpira.

“Baba Jeanne, tazama. Kama iko muzuri, kisu haitaingia. Sitii nguvu.”

Aliweka kidole gumba kimoja tu juu ya mpini, kama anavyopima muhogo uliolowekwa kama umelainika. Kisu kikazama mpaka mpini. Upepo ulitoka kwa pumzi ndefu ya uchovu, na pikipiki ikainama. Alipokivuta kisu, chuma chake kilikuwa kimefunikwa na kitu cheusi kinachonata.

Zéphirin alishuka. Alikichukua kisu mkononi mwa mkewe, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama binti yake, aliyekuwa ameshika kishikio cha kikapu kwa mikono miwili.

“Mugiriki amekwisha kufungua duka?” aliuliza.

“Amefungua,” Adolphine alisema.

Alilishusha sanduku chini, akaomba spana. Alilifungua gurudumu palepale mbele ya chama chote, mikono imejaa mafuta, soksi zimeharibika, akalitia begani na kupanda njia ya mjini kwenda kuutafuta ule mpira wenye sura ya jembe. Nyuma yake mwanachama mmoja alitoa leso, akaanza kufuta mpira wake polepole ili aone kilicho chini ya mng'ao. Kivuko kiliondoka bila wao, na Adolphine akakaa juu ya sanduku la bati kukingojea kinachofuata.

FUNZO

Akina baba, mpira wa pikipiki huchaguliwa kwa ajili ya barabara utakayoikanyaga, jua litakaloupiga na mzigo utakaoubeba. Watu wanaokutazama Jumapili hawatakuwa nawe kwenye mteremko. Usipake mafuta kitu cha mpira, usinunue kilichozeeka ukutani, na usipunguze upepo eti kuna joto, kwa maana mpira uliolegea hujipasha moto wenyewe mpaka upasuke. Kisha, ajali ikitokea, usitafute mchawi kabla hujainama kutazama gurudumu.

Na ninyi akina mama: uchumba, ndoa na heshima ya mume havikuwanyima macho. Mtoto akikuuliza aruke upande gani, mshushe.