Kasha Tupu Darini

Krii. Mlango mdogo wa jiko la chuma ulifunguka gizani, kisha kijiti cha kiberiti kikakwaruza. Bilyana alisikia yote hayo akiwa chini ya blanketi, kama alivyosikia kila asubuhi ya majira ya baridi. Bibi yake, Stamena, huamka kabla ya jua, huwasha kuni, huteleka birika, halafu humwita mjukuu wake avae upesi, basi la shule lisije likamwacha.

Asubuhi hiyo hakumwita.

"Lala tu," alisema. "Theluji imefika dirishani. Leo hakuna basi, na umeme umekatika."

Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeficha zawadi mgongoni, akaongeza kwamba Tsvetana wa nyumba ya juu alirudi jana jioni kutoka hospitali ya mjini. Amejifungua mtoto wa kike.

Usingizi wote ulimruka Bilyana.

Kijiji chao kiko mlimani, na watu wengi wamekihama. Nyumba nyingi zina kufuli milangoni na majani marefu uani. Mtoto wa mwisho kuzaliwa pale alikuwa Bilyana mwenyewe, na sasa yuko darasa la tano. Kwa hiyo mtu akihitaji kitu cha mtoto mchanga, hana mlango wa kubisha isipokuwa wa Bibi Stamena.

Na kwao mtoto hanunuliwi kitu kabla hajazaliwa, hata soksi. Watu husema ni kujitakia mabaya. Mama hungoja, mtoto akishafika salama, ndipo majirani huleta walicho nacho na baba hukimbia dukani. Ndiyo maana wakati wa vuli, Tsvetana alipokuja na tumbo lake kusaidia kukatakata kabichi za kutia chumvi, Bibi alimtuliza. Alimwambia kila kitu cha Bilyana kimo ndani ya kasha darini: fulana za sufu, kofia, ngozi laini ya kondoo ya kumlaza mtoto, na lile sweta la kijani. Siku ikifika atavishusha mwenyewe.

Bilyana alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno.

Sweta hilo alilifuma mama yake, Rositsa, katika zile wiki za mwanzo alipokuwa akikaa ndani na kichanga chake. Sasa Rositsa yuko Italia, anamtunza kikongwe mmoja mgonjwa, na hurudi wakati wa kiangazi tu. Baba huendesha malori ya safari za mbali. Akija leo, keshokutwa hayupo. Bilyana alikuwa na siri ndogo. Upweke ukimzidi, hupanda darini, hufungua kasha, na kuzika uso wake ndani ya sweta lile. Bibi akimuuliza ametoka wapi, husema alikuwa anatafuta kitabu.

Basi vuli ileile, siku moja baada ya mazungumzo hayo, Bibi alipokwenda kuwalisha mbuzi, Bilyana alikusanya vitu vyote akavifunga ndani ya shuka. Akavishusha mpaka chumba cha chini ya nyumba, ambako mapipa ya kabichi huwekwa. Pipa moja lilikuwa limejaa. La pili lilikuwa tupu, kwa sababu siku hizi walaji ni wawili tu. Akalitumbukiza furushi humo, akafunika, akaweka jiwe juu ya kifuniko. Halafu akapanda kula chakula cha mchana, na Bibi akamsifu kwamba siku hiyo alikula vizuri.

Sasa, asubuhi hii ya theluji, chai ilikuwa haijachemka mlango ulipobishwa. Alikuwa Kiril, mume wa Tsvetana, theluji imemganda hadi mapajani. Alieleza harakaharaka kwamba nyumba yao inategemea umeme kupata joto, na jiko la zamani linatoa moshi mtupu. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake. Daktari aliwaruhusu, lakini alisisitiza awekwe kwenye joto. Leo ndipo yeye Kiril alikuwa aende mjini kununua nguo, na sasa barabara imefungwa.

"Walete hapa," Bibi alisema.

Kiril akasitasita. Mzazi hatoki nje kabla ya siku arobaini, yeye alijua, na mama mkwe wake angemsimanga mpaka kaburini.

"Waliotunga mila hiyo walikuwa na kuni, mwanangu. Kimbia."

Walikuja wakimfuata mzee Manol, jirani, aliyewafungulia njia kwa koleo huku akinung'unika kwamba uzee wake ulimpangia kukaa karibu na jiko, si kuchimba barabara. Tsvetana alikuwa amepauka. Mtoto alikuwa ndani ya koti la Kiril, akilia kwa sauti nyembamba kama ya kitoto cha paka. Walipomfunua karibu na jiko, Bilyana aliona miguu yake. Ilikuwa midogo, na rangi yake ilikaribia zambarau.

Bibi alimkalisha Tsvetana kitini, akamwambia afungue vifungo vya blauzi na kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwani hakuna jiko linalomshinda mama. Akawafunika kwa shali. "Mgongo na miguu bado," alisema. "Ngoja nishushe vitu."

Bilyana alimsikiliza akipanda ngazi ya darini. Alisikia hatua zake juu ya mbao, kisha kifuniko cha kasha kikilia. Baada ya hapo hakusikia kitu. Mzee Manol akatazama juu.

Bibi alishuka mikono mitupu.

"Bilyana, mwanangu," alisema polepole, "umeviona vitu vya kwenye kasha?"

Pale pale angeweza kusema. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alimwona Tsvetana akimtazama, akamwona na Kiril, akaona aibu itakavyokuwa, na jibu lililotoka lilikuwa jingine. Alisema hajaviona. Na kwa kuwa Bibi aliendelea kumtazama bila hasira, kama mtu anayeomba msaada, Bilyana akaongeza:

"Labda uliwapa watu, Bibi. Labda umesahau. Juzi si ulisahau maharage jikoni yakaungua?"

"Ee Stamena," mzee Manol akatania, "usije ukatusahau na sisi hapa mezani."

Hakuna aliyecheka. Bibi Stamena alikaa kwenye kigoda, akaweka mikono mapajani. Alimwomba Tsvetana radhi. Alisema angeapa kwamba vitu vipo, na alikuwa anaviona kwa macho ya moyo wake, kila kimoja na mahali pake, lakini inaonekana kichwa kimeanza kumwacha. Mama yake mwenyewe ilimwanza hivyo hivyo, kwa vitu vidogo. Halafu akaushusha mkoba wake wa vifaa vya kushonea, akachukua mkasi na kuanza kuikata sketi yake nzuri ya sikukuu ili apate vipande vya kumfunga mtoto miguu. Kitambaa kilikuwa kigumu na cha kuwasha. Mtoto alilia zaidi.

Baadaye kidogo, akidhani Bilyana yuko mbali, alimwambia Tsvetana kwa sauti ya chini kwamba mtandao wa simu ukirudi atampigia Rositsa aache kazi na kuja nyumbani.

"Mtu asiyejua alikoweka nguo za mjukuu wake," alisema, "haachiwi mjukuu."

Bilyana alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na kuni mikononi. Mama atakuja. Si kiangazi, bali sasa, wiki hii, theluji ikipungua tu. Anyamaze basi, hilo tu. Asiseme kitu, na mama yake atashuka kwenye basi pale kwenye kona na mabegi yake. Alizishika kuni zile mpaka maganda yakamchoma viganja.

Kisha akamwona Bibi akiingia jikoni na kusimama mbele ya rafu. Bibi alikuwa akigusa kitu kimoja kimoja na kukitaja kwa mnong'ono, kama mtoto wa chekechea anayejifunza.

"Chumvi hapa. Sukari hapa. Majani ya chai."

Mkono wake ulifika kwenye dawa za shinikizo la damu ukasimama. Alitoa kidonge, akakitazama.

"Nimekunywa leo, au sijanywa?"

"Umekunywa, Bibi," Bilyana alisema. "Nimekuona. Ulikunywa na chai."

"Una uhakika? Mimi sijiamini tena." Akakigeuza kidonge kiganjani.

Wakati huohuo kilio chumbani kilikatika. Tsvetana aliita, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Amenyamaza. Mama Stamena, kwa nini amenyamaza?"

Bibi alikiacha kidonge mezani akakimbia. Bilyana naye alikimbia, lakini upande mwingine. Alichukua mshumaa, akashuka ngazi za chini mbilimbili, akalisukuma jiwe likaanguka karibu na mguu wake. Harufu kali ya siki na chumvi ilimpanda puani. Aliingiza mkono hadi begani, akavuta furushi, akapanda nalo huku mshumaa umezimika. Hakupanga maneno. Alipoingia chumbani wote waligeuka, naye akaliweka furushi miguuni pa bibi yake.

"Bibi, hukusahau kitu. Mimi ndiye niliyevificha, ndani ya pipa. Nilikudanganya."

Bibi Stamena alimtazama. Mambo mengi yalipita usoni mwake kwa muda mfupi sana, na Bilyana aliyasubiri yote. Lakini Bibi alisema tu, "Fungua, haraka. Weka ngozi karibu na jiko."

Ngozi ya kondoo ilipashwa moto mpaka ikawa kama kitu kilicho hai. Mtoto alikuwa anapumua. Alikuwa amechoka tu kwa kulia. Walimvika fulana mbili, soksi, kofia. Likabaki sweta la kijani, na Bibi akampa Bilyana.

"Mvike wewe."

Bilyana alikunja mkono wa sweta ili kupitisha kiganja cha mtoto. Yeye mwenyewe asingeweza kupitisha hata vidole vyake vitatu. Alishangaa. Kichwani mwake sweta lile lilikuwa kubwa, kubwa la kutosha mtu kujifichia ndani yake. Alifunga vifungo kimoja kimoja. Baada ya muda miguu ya mtoto ilipata rangi ya waridi, na alipoanza kulia tena kudai ziwa, Tsvetana naye akalia, ila kwa furaha.

Mzee Manol alinusa hewani. Alisema amehudhuria ubatizo mwingi, lakini hajapata kuona mtoto anayenukia kabichi, na kwamba huyu atakuwa na wachumba wengi wakati wa baridi. Safari hii walicheka, hata Kiril. Bilyana peke yake hakuweza.

Jioni ilipoanza kuingia, wageni wakiwa wamelala karibu na jiko, Bibi alimwita Bilyana jikoni. Hakumkaripia. Ingekuwa afadhali angemkaripia.

"Kuficha nguo naweza kuelewa," alisema. "Mimi nina viatu vya kwanza vya mama yako kabatini, na hakuna anayejua. Kitu cha mtoto ukikishika, unaona kama umeishika siku yenyewe. Lakini leo uliniona nikiogopa kichwa changu, ukaniacha niogope. Hilo ndilo lililoniuma. Nusura ninywe dawa mara mbili."

Bilyana alisema samahani.

"Nakusamehe, kwa sababu ulisema mwenyewe, tena mbele ya watu. Lakini sikiliza. Nguo ya mtoto kazi yake ni kumpa mtoto joto, na mtoto akikua, inamtafuta mwingine. Ukiifungia pipani haimpi joto mtu yeyote, hata wewe. Umepanda darini mara ngapi, na umeshuka na huzuni ileile? Ulichokuwa unakitaka hakimo kwenye sufu. Ukimtamani mtu, usinuse nguo zake kwa siri. Mwambie. Uongo huanza pale mtu anapoogopa kusema jambo la kweli lililo dogo, halafu unakua, unamfikia mwenzake asiye na kosa."

"Nikimwambia atahuzunika," Bilyana alisema. "Yuko kule kwa ajili yangu."

"Atahuzunika, ndiyo. Ni mtu mzima, ataweza. Huenda asiweze kuja kesho. Lakini hawezi kupanga jambo asilolijua. Kila Jumapili unamwambia uko salama, huhitaji kitu. Yeye anaamini."

Umeme haukurudi usiku ule, lakini mtandao ulirudi. Simu ya Bibi ililia juu ya meza, na jina la Rositsa likaangaza jikoni. Bibi hakuipokea. Aliisukuma polepole mpaka mbele ya mjukuu wake, akaenda kumtazama mtoto.

Bilyana aliishika. Alisikia sauti ya mama yake kutoka mbali ikimuuliza, kama kila mara, hali yake ikoje, je, kuna theluji, je, anahitaji chochote. Jibu la kila Jumapili lilikuja lenyewe mpaka kwenye midomo. Akalimeza, akavuta pumzi.

"Mama, nataka urudi nyumbani."