Aliyelala Mlangoni

Sella alirudi kuteka maji akakuta mkeka umetandikwa mlangoni, na yeye mwenyewe alikuwa ameukunja na kuusukuma chini ya kitanda. Akamgombeza Lavender, bintiye wa miaka sita.

"Si mimi," mtoto akasema. "Ni Kuka."

Kuka ni babu yake, Mzee Murunga, na walikuwa wameshamzika Bungoma. Aliletwa Nairobi kutibiwa, akafia hapo mtaani Lindi, katika chumba hicho hicho cha mabati. Kwenye mazishi kijana wake Walubengo, kinyozi wa Kawangware, alisimama na suti ya kuazima akasoma maisha ya marehemu: mwanajeshi aliyepigana mpakani kaskazini, mkulima wa mahindi, mzee wa Kanisa la Marafiki, mtu asiye na adui. Ukimpa Walubengo kipaza sauti, maiti hana kasoro. Hakusema baba yake alikuwa akiwapanga watoto mstari kila asubuhi awakague kucha. Wala hakusema mama yao alizeekea kitandani peke yake, kwa sababu mume, tangu atoke vitani, alilala mlangoni kama mbwa wa tajiri.

Sasa chumba kilinuka rangi ya viatu, na mchana kweupe buti zilisikika zikienda na kurudi hapo nje, na ukichungulia huoni mtu, unaona tu kuku wa jirani wakipisha njia.

Sella akampigia ndugu yake. "Atanichukulia mtoto, Walu. Wanaongea kila siku."

"Ni sisi tulikosea," Walubengo akanong'ona. "Tulibeba mwili, yeye hakuna mtu alimwambia twende."

Akaja, akashika kofia ya marehemu, akasimama katikati ya chumba. "Baba, tulikusahau. Twende nyumbani sasa." Akatoka bila kugeuka, akashika njia ya Laini Saba kwenda kutafuta basi la Bungoma, na buti zikamfuata nyuma mpaka zikapotea. Harufu ikaisha. Sella akapika ugali, akala kama mtu aliyetoka kuugua.

Kesho yake jioni simu ikalia. Ni Shangazi Nalianya, dada wa marehemu.

"Nani aliwatuma mumtoe huko?"

"Shangazi, si kwao ni huko?"

"Nyinyi watoto wa Nairobi mnajua kusoma risala tu. Ndugu yangu aliua mtu kwa mikono kule kaskazini. Aliyeua haingii nyumbani kabla hajaoshwa. Mbuzi alikuwa tayari, wazee wamekaa, yeye akasema ameokoka, hayo ni ya shetani. Basi yule aliyeuawa akamfuata. Unafikiri alilala mlangoni kwa ukorofi? Alikuwa anamzuia asiingie."

Sella akapunguza sauti. "Basi mrudishe, Shangazi. Tafadhali."

"Ameshafika kwa kaburi lake. Huyo hatoki tena."

Sella akageuka polepole, simu ingali sikioni, akamwona Lavender kitandani amejibana ukutani kama mtu anayempisha mwenzake, ameinua nusu ya blanketi kwa mkono mmoja, na chini ya blanketi hilo, pale ambapo hapakuwa na mtu, godoro likawa linabonyea taratibu, kwanza begani, kisha kiunoni, kisha miguuni.

"Funga tu mlango, mama," mtoto akasema. "Ameshaingia."