Mfalme Aliyeota Pua

Mtaani hakuna aliyemwita mpiga picha kwa jina lake. Wote walimwita Tabasamu, kwa sababu kutwa nzima wimbo wake ulikuwa mmoja: "Tabasamu kidogo. Kidogo tu. Meno yabaki ndani."

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Ilikuwa na kiti cha kuzunguka, pazia la bluu, taa mbili na kompyuta. Kwenye kompyuta hiyo Tabasamu alifuta chunusi, alipunguza vitambi na kurudisha nywele kwenye vipara. Hakuona ubaya wowote. Alisema mteja hulipia uso anaoutaka, maana ule alio nao anao bure nyumbani.

Duniani alimwogopa mtu mmoja tu, mama mkwe wake. Hakuwa mama mkali. Alikuwa na maneno mengi, na macho yake hayakukosa kitu. Basi Tabasamu alijizoeza kumjibu "Sawa, mama" hata kabla hajamaliza kusema. Dawa hiyo ilimfaa kwa miaka kumi na moja.

Jumatatu moja mama mkwe aliingia studio na sarafu ya zamani ya madini ya fedha, yenye kichwa cha mfalme. Marehemu mumewe alimpa siku ya kumposa, kwa kuwa hakuweza kununua pete. Kwa miaka arobaini mama aliisugua sarafu hiyo kwa kidole gumba kila alipokuwa na mawazo. Mawazo yalikuwa mengi, na mfalme akaisha pua. Uso wake ukabaki bapa.

"Sarafu ni moja na binti zangu ni watatu," alisema mama mkwe. "Nipigie picha tatu nzuri, kila mmoja apate yake. Labda wataacha kuuliza nani ataichukua nikifa. Nitakuja Jumapili tule pamoja."

Tabasamu aliilaza sarafu juu ya kitambaa cheusi, akaipiga picha. Picha ilitoka nzuri kupita kiasi. Papo hapo akaiweka kwenye ukurasa wa studio mtandaoni, watu waone kazi. Kisha akaingia mwalimu mmoja aliyekuwa na videvu viwili na alitaka kubaki na kimoja. Tabasamu akainamia kompyuta. Nyuma yake mama mkwe alisema maneno mengi. Tabasamu akajibu "Sawa, mama" mara nne, na mama akaenda zake.

Alasiri akageuka mezani ili amhifadhie mama mali yake hadi Jumapili. Sarafu haipo.

Alitafuta chini ya kiti, nyuma ya pazia, hata ndani ya viatu vyake. Hakuna kitu. Hakumpigia simu mama mkwe, maana angemwambia nini? Hata mkewe hakumwambia, kwa kuwa mkewe na mama yake walizungumza kwa simu asubuhi na jioni. Akabaki na siri yake.

Jumatano alikuwa akipitia mnada mmoja wa mtandaoni, pale ambapo watu hushindana kutaja bei. Ghafla akaiona. Kitambaa cheusi, mfalme asiye na pua, hata kile kiuzi cheupe kwenye pindo alichosahau kukitoa. Mwizi ndiye huyu, akawaza. Hakwenda polisi. Polisi wangeuliza maswali, na maswali yangemfikia mama mkwe.

Alitaja bei, akashindwa, akapandisha. Muuzaji akamwandikia pembeni, nje ya mnada. Alisema hakuna haja ya kusubiri mnada uishe. Tabasamu amtumie pesa moja kwa moja kwa simu, naye atampunguzia bei. Tabasamu akatuma pesa alizoweka za kununua taa mpya. Hakuuliza swali hata moja. Aulize nini, na picha ile aliijua kuliko muuzaji mwenyewe?

Ijumaa kifurushi kikafika. Tabasamu alikifungua papo hapo.

Mfalme alikuwa na pua. Ndefu, imenyooka, mpya.

Tabasamu aliitia sarafu mfukoni. Kisha akavuka hadi mlango wa pili, kwa sonara. Sonara alikuwa mwanamke wa makamo ambaye miwani yake ilikaa zaidi juu ya paji la uso kuliko machoni.

"Dada, niazime tupa ndogo," akasema.

"Ya kazi gani?"

"Kuna mtu nataka kumpunguza pua."

Sonara hakucheka. Alinyoosha kiganja akangoja. Tabasamu akampa sarafu, na kwa kuwa siri ilikuwa imemchosha, akampa na habari yote.

Sonara akachukua sumaku yake. Sarafu ikaruka na kuishika.

"Fedha haishikwi na sumaku," akasema. "Hiki ni chuma kilichopakwa rangi. Lakini siku sumaku ikiikataa sarafu, usishangilie bado. Kuna za bandia za shaba na za madini ya risasi, na hizo sumaku haizitaki."

Akaiweka kwenye mizani yake ndogo. Kisha akafungua kitabu chenye uzito wa sarafu za zamani. Hii ilipungua karibu robo nzima. Akachukua sarafu yake mwenyewe, ya kweli, akaidondosha juu ya kaunta ya jiwe. Ililia kama kengele, sauti ikachukua muda kuisha. Ya Tabasamu ikasema "ko" na kunyamaza. Mwisho akamwonyesha ukingo. Sarafu ya kweli ilikuwa na vijimeno vidogo vilivyo sawa. Ya Tabasamu ilikuwa na mstari uliozunguka pembeni pote, mahali nusu mbili zilipounganishwa.

"Lakini picha ilikuwa ya kweli, dada. Niliipiga mimi."

"Picha ni ya kweli. Sarafu ndiyo muuzaji hakuwa nayo. Ameichukua picha kwenye ukurasa wako akakuuzia wewe mwenyewe. Wenzako huuziwa mbuzi kwenye gunia. Wewe umeuziwa gunia lako."

Sonara akashusha miwani machoni, akamweleza taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Picha moja nzuri haitoshi. Mwambie muuzaji apige nyingine, pande zote mbili pamoja na ukingo. Aweke kando kijiko cha chai, upate kujua ukubwa, na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo.

"Mwenye mali atakupigia dakika hiyo hiyo," akasema. "Asiye nayo atakuambia amesafiri, au kijiko kimepotea. Halafu itafute ile picha mtandaoni, uone kama imeshatumika kwingine. Na lipa ndani ya mnada tu. Anayekuvuta ulipe pembeni anawakimbia wanaoweza kumkamata."

"Nimekuelewa. Na tupa?"

"Tupa sikupi. Mama huyo amemsugua mfalme wake miaka arobaini. Unadhani kidole chake hakitajua?"

Aibu ikamshika Tabasamu. Tangu Jumatatu alikuwa akijihurumia yeye tu. Hakuwa amemfikiria hata mara moja mama yule, na kidole chake kitakachokosa mahali pa kupapasa.

Jumapili, baada ya kula, aliweka sarafu ya bandia mezani mbele ya mama mkwe.

"Mama, sarafu yako imepotea mikononi mwangu. Hii si yako, ni ya bandia. Nilitaka kukupa hii ninyamaze. Nisamehe."

Mkewe akaacha kufuta meza. Mama mkwe alimtazama mfalme, akamtazama mkwewe. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa leso na kuifungua. Ndani alilala mfalme mwenye uso bapa.

"Niliichukua Jumatatu ile ile," akasema. "Nilikwambia naondoka nayo, meza yako ina vumbi. Ukasema sawa, mama. Nikakwambia usiiweke picha hadharani, watu wabaya ni wengi. Ukasema sawa, mama. Nikakuuliza kama umenichoka. Ukasema sawa, mama. Basi nikaaga, ukasema sawa, mama."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Tabasamu naye akacheka, machozi yakimtoka, na mengine hayakuwa ya kucheka. Mama mkwe akapapasa pua ya yule mfalme mpya.

"Huyu mawazo hayajampata," akasema.

Siku iliyofuata Tabasamu aliwaandikia wenye mnada na kuwatumia picha yake ya asili kama ushahidi. Tangazo likaondolewa. Pesa hazikurudi, kwa kuwa alilipa pembeni, na taa mpya ikabidi ingoje. Tangu hapo kila picha anayoiweka mtandaoni ina jina la studio katikati. Na juzi mtu alipomletea sarafu ya kuuza mnadani na kutaka mikwaruzo ifutwe, alikataa. Alimwambia kidevu anafuta, lakini sarafu hafuti.

Mfalme mwenye pua ananing'inia studio, ameshikwa na sumaku, wateja wajionee. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kuja kumtazama. Alisimama mlangoni akasema maneno mengi, na safari hii Tabasamu aliacha kompyuta akageuza kiti.

"Umesema unakwenda sokoni, mama. Na picha zako tatu nikuletee kesho."

"Na jambo la tatu?"

Tabasamu akafikiri. "La tatu sikulisikia, mama. Nisamehe, rudia."

Mama mkwe akavuta kiti, akakaa, akaanza upya tangu mwanzo.