Kamba Iliyoponyoka

Mkata matawi alilala chali chini ya mti, uani kwa kiwanda cha sabuni, shingo imekwenda upande. Mshipi wa usalama ulikuwa bado umembana kiunoni. Kamba yake ilikuwa nzima.

Inspekta alichuchumaa, akaikagua mpaka mwisho, akainuka.

"Nani alishika kamba huku chini?"

"Mimi," alisema mwanamume aliyeketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Shemeji yangu huyo. Kamba iliniponyoka."

"Ulivaa glavu?"

"Tuna jozi moja. Amevaa yeye."

Mke wa marehemu alifika. Hakulia.

"Kaka yangu mtamwachia leo, afande? Nyumbani hakuna mwanamume mwingine."

"Walikuwa na ugomvi?"

"Papai? Hana ugomvi hata na kuku."

"Papai?"

"Zamani kaka ndiye aliyekuwa akipanda, mume wangu akishika kamba. Mwaka jana kaka akaanguka, akavunjika nyonga. Mume wangu akasema papai likiiva halingoji mchumaji. Jina likaganda. Utani wa mashemeji tu."

Inspekta alirudi kwenye ndoo.

"Nionyeshe viganja."

Vilikuwa vikavu, vyenye sugu. Hakuna mchubuko.

"Uzito ule ukikuponyoka, kamba inaondoka na ngozi. Hukuponyokwa. Uliachia."

Mwanamume alikitazama kiganja kimoja, kisha kingine, kama vitu vya mtu mwingine.

"Niliachia."

"Kwa sababu ya jina?"

"Alikuja hospitali, akanishika mkono. Viganja vyake havikuwa na mchubuko, kama vya bibi harusi. Nikajua hakujaribu hata kunizuia. Nikasema basi, ni ndugu, labda alizubaa. Nikangoja pole. Pole haikuja, kikaja kicheko. Mpaka wanangu wakaniita Papai."

"Na leo?"

"Leo akaita kutoka juu: 'Papai, shika vizuri, leo nisije nikaiva mimi.' Wafanyakazi wa kiwanda wakacheka. Mikono ikafunguka."

"Ilifunguka, au uliifungua?"

"Niliifungua."

Dada yake, aliyesimama nyuma ya inspekta, aliketi chini kwenye vumbi la mbao.

Pingu zililia mara mbili.

"Alisema kitu akianguka?" inspekta aliuliza.

"Aliniita jina langu. Lile la kuzaliwa. Kumbe alikuwa analikumbuka."