Tulidhani Ni Maji

Nyumbani kwa Festo, kijijini Gehandu, karibu kila mtu mzima ana meno ya kahawia. Festo anayo. Mama yake, Bibi Bernadina, anayo. Maji ya kisima chao yana madini mengi, na madini hayo hutia meno rangi. Watu wamezoea.

Kwa hiyo meno ya mbele ya Brightness, binti wa Festo, yalipoanza kuwa ya kahawia, hakuna aliyeshtuka. Alikuwa na miaka miwili. Bibi alimfunua mdomo, akacheka.

"Huyu sasa ni wetu kabisa! Meno ya maji haya!"

Scolastica, mama wa mtoto, naye alicheka. Kicheko kile kinamuuma mpaka leo.

Kila siku Scolastica alichemsha chai ya maziwa, akatia sukari ya kutosha, akajaza chupa ya Brightness. Mtoto alilala akiinyonya. Mama akapata nafasi ya kwenda kupalilia mahindi. Nani hapendi mtoto anayetulia?

Mwaka ukapita. Rangi ikawa nyeusi. Brightness akaanza kutafuna upande mmoja, kisha akakataa makande.

"Tumpeleke kwa daktari wa meno?" Scolastica alimuuliza mumewe.

"Mtoto wa miaka mitatu?" Festo alisema. "Hayo ni meno ya utoto. Yatang'oka yenyewe."

Wakaacha. Asubuhi moja Brightness aliamka mdomo wa juu na shavu vimevimba. Jicho moja lilikuwa limefumba nusu. Mwili ulikuwa wa moto, na hakutaka hata maji.

Siku hiyo Rogathe, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kumpima uzito Yonas, mdogo wake Brightness, mwenye miezi saba.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Rogathe hakukaa. Alikuwa amemwona Brightness.

"Mama Brightness, meno ya huyu yalishatazamwa na daktari?"

"Bado. Ni rangi ya maji tu, dada."

Rogathe aliinua mdomo wa mtoto taratibu.

"Hapana. Maji haya huharibu zaidi meno ya ukubwani. Hata hivyo, jino la maji hubaki na umbo lake. Haya yameliwa. Tazama tundu. Tazama usaha kwenye ufizi. Meno yameoza. Uvimbe pamoja na homa hausubiri kesho. Twendeni hospitali sasa hivi."

Festo aliwasha pikipiki.

Hospitalini Brightness alipewa dawa, akalazwa. Kisha daktari wa meno, jina lake Maximilian, alimchoma sindano ya ganzi na kung'oa meno manne ya mbele. Mtoto alimwita bibi yake kwa sauti mpaka ikakauka. Festo, mtu anayeangusha dume la ng'ombe kwa mikono, alitoka nje akasimama akiutazama ukuta.

Baadaye alirudi na swali.

"Daktari, tulipaswa kumleta lini?"

"Jino la kwanza lilipoota. Likichelewa kuota, basi kabla hajatimiza mwaka mmoja."

"Hata kama haumwi?"

"Hasa kama haumwi. Ningetazama tu. Ningeona doa mapema, kabla halijawa tundu. Ningewaambia habari za chupa. Mtoto asilale na chupa ya kitu kitamu. Na jino likitoka tu, lisafishwe asubuhi na kabla ya kulala, kwa mswaki mdogo laini. Dawa ya meno iwe kidogo kama punje ya mchele."

"Na haya uliyong'oa?" Scolastica aliuliza.

"Mengine yatakuja akiwa na miaka sita, saba hivi. Ila usaha unaweza kuwa umeyagusa na hayo, huko ndani ya ufizi. Tutasubiri tuone."

Scolastica alihesabu miaka kwa vidole. Ilikuwa mingi.

Walipofika nyumbani, Bibi Bernadina aliomba kuona. Aliangalia pengo lile muda mrefu.

"Ni mimi niliyesema ni maji," alisema.



Wiki chache baadaye, Bibi alimpakata Yonas akimpitishia kidole kwenye ufizi, akasikia kitu kikali. Safari hii hakucheka. Alimwita Scolastica shambani kwa sauti kubwa.

"Jino limetoka! Mpelekeni kesho."

Kesho yake wakampeleka, Brightness akafuatana nao. Daktari alimlaza Yonas mapajani, akatazama, akamaliza. Haikuchukua hata dakika tano.

Tangu siku hiyo Yonas hupelekwa kila mara daktari anapowaagiza. Chupa ilitupwa, anakunywa kwa kikombe. Sasa ana miaka miwili, na meno yake hayana hata tundu moja. Siku ya kutazamwa mara ya mwisho aling'ang'ania kidole cha daktari akicheka.

Brightness alisimama kando. Yeye anapoongea na watu huziba mdomo kwa kiganja.

"Mama, mbona Yonas halii?"

"Kwa sababu tulimleta mapema."

"Mbona mimi hamkunileta mapema?"

Festo aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Scolastica alimvuta binti yake karibu. Hakutaka kumdanganya.

"Tulidhani ni maji, mwanangu," alisema. "Hatukumuuliza mtu."