Amri ya Ubaoni

Jumatatu asubuhi lori halikuwepo. Kwenye uwanja wa kituo kimoja kidogo cha polisi, nje ya mji wa Jinja, palibaki alama za matairi na doa la oili. Inspekta Nandutu, aliyetoka Mbale alfajiri kulichukua, alilitazama doa lile. Lori hilo ndilo lililomgonga na kumuua mtoto wa shule pale Nkoma, Mbale, kabla ya kukamatiwa Jinja, na damu iliyokauka kwenye bampa lake ndiyo iliyokuwa ushahidi wa kesi.

Aliyefungua geti hakuhitaji kutafutwa. Konstebo Ignatius, mtu mzima mwenye mvi, alikiri mwenyewe kwamba Jumapili jioni alimruhusu Jimmy, dereva aliyekuwa nje kwa dhamana, aondoke nalo. Alikuwa amefuata amri iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao wa getini, mwandiko wa mkuu wa kituo, Afande Wamboga: LORRY MOVEMENT SANCTIONED.

"Nilikataza," Wamboga alimwambia Nandutu kwa upole. "Nchi ikiwekewa sanctions, inaruhusiwa au inabanwa? Lakini huyu mzee aliishia darasa la saba. Tumlaumu vipi?"

Nandutu alilitafuta neno hilo kwenye simu. Kweli lilikuwa na ndimi mbili: kuidhinisha, na pia kuadhibu au kuwekea vikwazo. Maelezo ya afande yalikaa vizuri. Kufikia saa ya chai, kituo kizima kilikuwa kimepata kichekesho cha mwaka, na Ignatius alikuwa ameshabatizwa jina la Sankisheni. Nandutu naye alicheka. Wamboga ndiye aliyemfundisha kazi chuoni, na hakuona sababu ya kumtilia shaka.

Jioni alisimama kutazama zamu zikibadilishana. Kila askari alipewa amri yake, akairudia kwa Kiswahili kwa sauti, na aliyeitoa akajibu "Ndivyo" kabla bunduki haijashikwa. Utaratibu huo aliuanzisha Wamboga miaka mingi nyuma, baada ya mwenzake kupigwa risasi Mbale kwa sababu ya amri ya Kiingereza iliyoeleweka kombo. Nandutu alifurahi kuona bado unafuatwa.

Jumanne lori lilipatikana Buwenge, kwenye gereji ya fundi Adrisi, limeoshwa na kufungwa bampa jipya. Nandutu alimbana Adrisi kwanza, maana fundi anayebadilisha bampa la gari la kesi hana budi kujieleza. Adrisi alijieleza bila kubabaika. Jimmy alikuja na bampa jipya, akadai polisi wamemalizana na lori, akaondoka na la zamani. Alipoulizwa karatasi za gari alipiga simu, akaongea na mtu mzima kwa adabu sana.

"Alikuwa akimwitaje?" Nandutu aliuliza.

"Taata. Alikuwa anaongea na baba yake."

Nandutu alirudi Jinja. Katika maelezo aliyotoa Mbale, Jimmy alisema baba yake alifariki Nakaloke yeye akiwa mchanga. Njiani yale aliyoyaona Jumatatu jioni zamu zikibadilishana yalimrudia, na alitamani asingeyaona.

Jumatano Ignatius alikuwa afikishwe mbele ya kamati ya nidhamu. Akipatikana na hatia, angevuliwa sare na kutolewa na familia yake kwenye chumba cha kambini. Kabla kamati haijakaa, Nandutu aliingia naye ofisini kwa Wamboga, akafunga mlango.

"Afande, Jumapili amri ya lori ulimpa Ignatius mwenyewe?"

"Niliiandika, nikamkabidhi zamu."

"Bila yeye kuirudia?"

Wamboga alinyoosha mgongo. Kiburi cha kazi kilimtangulia. "Hapa kwangu hakuna anayeshika zamu bila kurudia amri mbele yangu. Wewe unajua hilo kuliko wote."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiswahili, siku zote..." Uso ulimshuka.

Nandutu alimgeukia Ignatius, akamuuliza alichosema siku hiyo.

"Nilisema, 'Lori ya Mbale iko na ruhusa ya kutoka, afande.'"

"Naye?"

Ignatius aliangalia sakafu. "Alijibu, 'Ndivyo.'"

Wamboga hakubisha. Alivua kofia, akaiweka mezani. Jimmy alikuwa mwanawe, alisema, aliyemzaa na mwanamke wa Nakaloke na kumficha maisha yake yote. Hakuwahi kumfanyia lolote. Kijana alipomjia akilia, alishindwa kumkatalia jambo la kwanza alilowahi kumwomba. Alilichagua neno lile makusudi, apate pa kujifichia mambo yakiharibika. Bampa la zamani lilifukiwa shambani kwa ndugu yake.

"Ulinifundisha vizuri, afande," Nandutu alisema. Hakuwahi kuichukia kazi yake kama alivyoichukia wakati ule. Kisha akaita askari.

Nje, alimuuliza Ignatius kwa nini hakusema tangu mwanzo.

"Mimi mtu ya darasa la saba. Nikisema mkubwa ni mwongo, wananifunga. Nikisema sikujua Kizungu, wananifukuza tu."

Nandutu aliomba radhi kwa kicheko cha Jumatatu. Ignatius aliipokea radhi, ila akamwomba afike nyumbani. Binti yake Brendah alikuwa amegoma kwenda shule tangu jana, watoto wanamwita binti Sankisheni. "Mimi nikimwambia, atadhani namfariji."

Walivuka uwanja hadi kwenye vyumba vya kambi. Brendah alikuwa ameketi kitandani na sare yake ya shule, amekunja mikono. Nandutu alimweleza yote taratibu, kwamba baba yake hakukosea neno lolote.

"Kwa hiyo alijua?" msichana aliuliza.

"Alijua."

Brendah alimtazama baba yake. "Sasa kwa nini uliwaacha watucheke?"

Ignatius aliketi kando yake kitandani. "Hata mimi nilicheka," Nandutu alimwambia Brendah, akamwomba radhi yeye pia.